Anga la Milisekunde Mbili: Uhakiki wa Mawingu ya Horizon Zero Dawn

Wanaohakiki michezo ya video mara chache huyahakiki mawingu. Wakiandika juu ya Horizon Zero Dawn, mchezo uliotolewa na studio ya Guerrilla ya Amsterdam mwezi Februari 2017, huzungumzia mashine zenye maumbo ya wanyama, mwindaji Aloy na upinde wake, na kisa cha ustaarabu uliojiangamiza wenyewe. Anga hupewa sentensi moja ya sifa, kisha maneno yanaendelea na mengine. Makala hii inamwacha Aloy asimame kilimani na kukisoma kilicho juu ya kichwa chake kwa jicho ambalo msomaji wa ushairi hutumia kusoma beti: zimefungwaje, zinabanwa na nini, na kubanwa huko kumeleta faida gani.

Hoja yangu ni kwamba mawingu yale yanaaminika ingawa hayakuiga hewa wala maji. Hakuna mvuke unaopanda ndani ya kompyuta, wala baridi inayougeuza mvuke huo kuwa matone. Kilichopo ni masharti machache ya umbo, makali, yaliyotiiwa kwa nidhamu mpaka yakazaa uzuri. Uhalisia wa anga hili ni kazi ya fani.

Watunzi na mizani yao

Kazi hii iliongozwa na Andrew Schneider, msanii aliyetoka Blue Sky Studios, kampuni ya filamu za katuni ya Marekani, akishirikiana na mwanaprogramu Nathan Vos. Agosti 2015, mwaka mmoja na nusu kabla ya mchezo kuingia sokoni, waliziweka wazi mbinu zao katika SIGGRAPH, mkutano wa michoro ya kompyuta, mjini Los Angeles. Kwa mhakiki hiyo ni bahati kubwa, maana ni nadra mtunzi kutoa utungo pamoja na arudhi yake.

PlayStation 4 huuchora mchezo huu picha 30 kwa sekunde. Kila picha, au fremu, ina milisekunde 33 tu za kukamilika, na ndani yake lazima viingie milima, nyasi, maji, vivuli, mashine zinazokimbia na akili inayoziongoza. Mawingu yalitengewa takribani milisekunde 2. Kwenye filamu ya katuni fremu moja inaweza kuichukua kompyuta saa nzima au zaidi na hakuna atakayelalamika, kwa kuwa mtazamaji ataletewa ikiwa tayari. Kwenye mchezo mtazamaji ndiye mshika kamera. Akigeuza shingo, anga zima lazima ligeuke naye papo hapo.

Mshairi aliyelelewa na vina na mizani anaifahamu hali hii. Mizani minane kwa minane haimwulizi mtunzi ana mangapi moyoni. Inamlazimisha aamue lipi libaki. Milisekunde 2 zilimfanyia Schneider vivyo hivyo, na kila uamuzi tutakaoutazama hapa ulizaliwa na ubano huo.

Kabla ya hapo michezo ilikuwa na njia zake za kuishi na ubano. Mwaka 1985 Nintendo ilitoa Super Mario Bros., ambamo wingu na kichaka ni mchoro mmoja: ukipakwa nyeupe na kuwekwa juu ni wingu, ukipakwa kijani na kuwekwa chini ni kichaka. Nafasi ya kumbukumbu ilikuwa finyu, hivyo mchoro mmoja ukabebeshwa kazi mbili. Mwaka huohuo wa 1985, watafiti wawili walileta mawazo mengine. Geoffrey Gardner alieleza namna ya kujenga mawingu kwa maumbo ya duaradufu yaliyovishwa sura ya wingu, na Ken Perlin akachapisha makala iliyoeneza noizi yake, yaani hesabu inayozaa vurugu yenye mpangilio. Horizon ni mrithi wa Perlin.

Kati ya zama hizo na 2015, desturi ilikuwa mawingu bapa. Ama picha moja kubwa ilibandikwa kwenye kuba la anga, ama vipande vingi vyenye picha ya moshi viligeuzwa daima kumwelekea mchezaji. Njia ya kwanza hupendeza lakini imekufa: jua linatembea, kivuli cha wingu kimeganda. Njia ya pili ina mwendo, ila vipande vikiwa vingi vinakula muda, na vikiwa vichache vinajifichua kuwa vipande.

Wingu lisilokuwepo

Guerrilla ilichagua njia nyingine. Kwa kila pikseli ya anga, kompyuta hutuma mwali kutoka jichoni mwa mtazamaji kwenda juu. Mwali ukifika kwenye tabaka la mawingu, ambalo hapa liko kati ya mita 1,500 na mita 4,000, hauendi tena kwa mkupuo. Unakwenda kwa hatua, na kila hatua unauliza: mahali hapa pana wingu kiasi gani? Mwali unaoelekea utosini hupiga hatua 64. Unaolala kuelekea upeo wa macho hufikia 128, kwa sababu unalikata tabaka kwa mshazari na njia yake ni ndefu zaidi.

Wingu lenyewe halijahifadhiwa popote. Ukilifungua sanduku la mchezo huu na kupekua, hutakuta faili lenye umbo la wingu. Kuna jibu tu, nambari inayopatikana pale mwali unapouliza, na pasipo anayeuliza hakuna kitu.

Majibu hayo hutolewa na tekscha tatu, yaani majedwali ya nambari yaliyotayarishwa mapema. Ya kwanza ni mchemraba wa nambari wenye nafasi 128 kila upande, jumla yake zaidi ya nafasi milioni 2. Ya pili ni mchemraba mdogo wa nafasi 32 kila upande. Ya tatu ni bapa, 128 kwa 128, na imebeba mizunguko inayofanana na ya hewa iliyovurugika. Malighafi ya mawingu yote mazito ya ulimwengu ule imeishia hapo.

Ndani ya mchemraba mkubwa kuna ndoa ya noizi mbili. Ile ya Perlin hupanda na kushuka kwa ulaini bila kona. Ukiiacha peke yake inazaa ukungu tu. Ile ya Steven Worley, iliyochapishwa 1996, hupimwa kwa umbali kutoka kwenye nukta zilizotawanywa ovyo. Ukiigeuza, inatoa mafundo ya mviringo yaliyosongamana, ila hayashikani vizuri. Zikiunganishwa, Perlin inatoa mwendelezo na Worley inatoa uvimbe. Bonge linalopatikana lina mwili mmoja na mafundo mengi, sifa mbili ambazo wingu la kweli la kumulusi linazo pamoja.

Baada ya bonge hilo kazi karibu yote ni kupunguza. Ramani ya hali ya hewa inaonyesha bonge libakie wapi na liondolewe wapi. Mchemraba mdogo unang'ata kingo. Mizunguko ya tekscha ya tatu inazipindapinda kingo za chini. Mbinu nzima ni ya mchongaji anayetoa mbao mpaka sura ijitokeze, na uamuzi wa kung'ata kingo pekee huku kiini kikiachwa una sababu mbili zilizokutana. Ya kwanza ni ya bei: kiini ni kizito, hakuna atakayeona undani wake, kwa nini kigharamiwe? Ya pili ni ya jicho. Wingu tunalisoma kwa kingo zake. Ukali au ulaini wa ukingo ndio unaotuambia kama ni zito au jepesi, kama linakua au linayeyuka. Watunzi walitumia fedha yao mahali macho yanapokaa.

Kuna jambo dogo hapa ambalo kwangu ndilo kilele cha ufundi wa umbo. Noizi inayong'ata kingo hugeuzwa kulingana na kimo. Sehemu ya juu ya wingu inapata mafundo. Sehemu ya chini noizi ileile, ikiwa imepinduliwa, inatoa nyuzinyuzi zilizochanika. Katika maumbile tofauti hiyo ina sababu: hewa yenye joto husukuma juu na kuvimbisha vichwa, na chini wingu huchanika likichanganyika na hewa kavu. Kompyuta haijui lolote kuhusu joto. Inajua kimo tu, na kimo kinasimama badala ya kisa chote cha hewa.

Muundo wa wima

Mwaka 1802, mjini London, Luke Howard alisoma hotuba iliyoyapa mawingu majina yanayotumika hadi leo, yakiwemo kumulusi, stratusi na sirusi. Majina yale yalitokana na sura. Guerrilla iliurithi mfumo huo na kuufanya hesabu: aina ya wingu ni namna uzito wake unavyogawanyika kutoka chini kwenda juu. Stratusi ni jembamba na limelala karibu na sakafu ya tabaka. Stratokumulusi limepanda kidogo. Kumulusi limesimama, limejaa, na kichwa chake ni cha mviringo.

Aina hizi hazikutenganishwa kwa kuta. Ramani ya hali ya hewa ina nambari tatu kwa kila eneo: wingi wa wingu, uwezekano wa mvua, na aina. Nambari ya aina ikisogezwa kidogo kidogo, stratusi linainuka na kuwa kumulusi mbele ya macho ya mchezaji, bila mchoro mmoja kufutwa na mwingine kuletwa. Uwezekano wa mvua ukipanda, mawingu hugeuka kumulonimbusi, na vichwa vyake hutanuka kama fuawe ya mhunzi. Upepo nao una sharti lake: sehemu ya juu ya wingu husukumwa mbele kuliko ya chini, hivyo wingu zima linainama kuelekea liendako. Sharti hili ni fupi mno, lakini ndilo linalolipa anga mwelekeo. Bila hilo mawingu yangeteleza kama samani zinazoburutwa.

Mawingu ya juu sana, sirusi na jamaa zake, hayakupewa mwili. Ni picha bapa zinazopita taratibu juu ya mita 4,000. Mtu anaweza kuuona huo kuwa uvivu. Mimi nauona kuwa usomaji sahihi wa kile jicho la mtu aliyesimama ardhini linachopata: sirusi kwa macho yetu ni mistari iliyochorwa kwenye kuba. Mwili ambao hakuna atakayeuona ni maneno ya ziada ndani ya mshororo.

Nuru: fizikia mbili na ujanja mmoja

Umbo lisilo na nuru ni moshi wa kijivu. Kila mwali unapokuta wingu, hutuma maulizo mengine sita kuelekea jua, yaliyotawanywa ndani ya umbo la pia, ili kujua ni wingu kiasi gani limesimama kati ya mahali pale na jua. Ulizo la sita hutupwa mbali kuliko mengine ili kunasa kivuli cha mawingu ya mbali. Kisha kanuni tatu huamua rangi.

Ya kwanza ni sheria inayobeba jina la August Beer, mwanasayansi wa Kijerumani wa karne ya 19: kila unene unapoongezeka kwa kiasi kilekile, nuru inayopenya hupungua kwa sehemu ileile. Ndiyo inayoyatia giza matumbo ya mawingu ya mvua.

Ya pili ilitoka mbali zaidi. Mwaka 1941 wanafalaki Louis Henyey na Jesse Greenstein, wakichunguza nuru inayotawanywa na vumbi lililo kati ya nyota, waliandika mlinganyo mfupi unaoeleza nuru ikigonga chembe huelekea upande gani. Matone ya wingu huisukuma nuru nyingi mbele, na ndiyo maana wingu likilikinga jua kingo zake huwaka. Mlinganyo wa vumbi la nyota ndio unaoziwasha kingo za machweo ya Horizon.

Ya tatu haikutoka kwenye kitabu cha fizikia. Ukilipa jua mgongo na kulitazama kumulusi nene, utaona mikunjo iliyo kati ya mafundo ina mwanga kuliko kingo za mafundo yenyewe. Sheria ya Beer inatabiri kinyume chake, kwamba kadiri unavyozama ndivyo giza linavyozidi. Sababu ni kwamba ndani kidogo ya wingu nuru imeshagongana na matone mara nyingi na inarudi kwa jicho kutoka kila upande, ilhali kwenye ukingo mwembamba bado haijapata matone ya kutosha ya kuirudisha. Kuifuata migongano hiyo yote kungehitaji muda ambao mchezo hauna. Schneider na Vos wakatunga neno dogo la hesabu, kinyume cha sheria ya Beer, linalotia giza kingo nyembamba, wakalizidisha na sheria yenyewe. Wakalihusisha na sukari ya unga, kwa kuwa rundo la sukari hiyo linaonyesha tabia hiyohiyo.

Kama kuna mahali anga hili linapopaswa kusomwa kwa makini ni hapa. Kanuni mbili zilichukuliwa kwa mamlaka ya sayansi, na hazikutosha. Mawingu yalibaki sahihi bila kuwa hai. Ya tatu ilitokana na mtu kuyatazama mawingu na kukataa kudanganywa na milinganyo yake mwenyewe. Mwanafizikia anaweza kuidharau kwa kuwa haikunyambuliwa kutoka msingi wowote. Mhakiki ataipima kwa alichokiona: ukiiondoa, mafundo yanageuka mipira, ukiirudisha, yanapata mikunjo na uzito.

Wakati wa kuazima

Turudi kwenye mizani. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni 2. Tuseme nusu yake ni anga. Hiyo ni miali milioni 1, kila mmoja na hatua zisizopungua 64: zaidi ya maulizo milioni 64 kabla ya kuuliza lolote kuhusu jua, yote ndani ya milisekunde 2. Haiwezekani, na haikufanyika.

Kwanza, mwali ulio katika anga tupu huuliza kwa bei nafuu, ukigusa bonge kubwa tu bila kushughulika na kingo. Ukihisi wingu, unarudi nyuma hatua moja na kuanza kuuliza kwa ukamilifu. Ukipita hatua kadhaa bila kukuta kitu, unarejea kwenye unafuu. Na wingu likishakuwa zito kiasi cha kutopenyeka, mwali unasimama, kwani kilicho nyuma yake hakimhusu mtazamaji.

Pili, na hapa ndipo ujasiri wenyewe ulipo, anga halichorwi zima. Hugawanywa katika vijisanduku vya pikseli 16, nne kwa nne, na katika kila fremu pikseli 1 tu ya kila kijisanduku ndiyo inayohesabiwa upya. Zile 15 huazimwa kutoka fremu zilizotangulia, zikisogezwa kufuata mwendo wa kamera. Kwa picha 30 kwa sekunde, anga huchukua zaidi ya nusu sekunde kujazwa upya kikamilifu. Kwa hiyo anga analoliona mchezaji wakati wowote ni mkusanyo wa nyakati 16 zilizoshonwa pamoja, na moja tu kati yake ndiyo ya sasa.

Kwa nini mshono hauonekani? Kwa sababu mawingu ni ya taratibu. Hakuna kitu kingine kikubwa katika mchezo ambacho kingestahimili mbinu hii. Mashine inayokimbia ikichorwa kwa nyakati 16 ingekuwa vipande vinavyofukuzana. Utulivu wa mawingu, ambao ni tabia yao ya asili, ndio ulioiruhusu hesabu kukopa. Wahakiki wetu wamezoea kuzitenga fani na maudhui katika sura mbili za kitabu. Hapa haziwezi kutengwa: tabia ya kinachosimuliwa imekuwa sehemu ya namna ya kukisimulia.

Mkopo huu una riba. Mchezaji akigeuza kamera ghafla, au akitoka nyuma ya jabali, sehemu ya anga iliyofichuka haina fremu za nyuma za kukopa. Hujazwa kwa makisio ya pikseli chache, kisha hujitengeneza. Ni dosari ya muda mfupi, na inakuja wakati jicho liko mbioni kutafuta adui.

Anga lililotungwa kwa mtu mmoja

Kila utungo una mtu uliokusudiwa kumfikia. Anga hili limemkusudia mtu aliyesimama ardhini, kwenye nchi ya milima na majangwa ya magharibi ya Marekani, akitazama mbali. Tabaka la mawingu limepindwa kufuata mviringo wa dunia, ili mawingu ya mbali yashuke na kuzama nyuma ya upeo wa macho badala ya kukatika hewani. Na kuelekea upeo huo ramani ya hali ya hewa haiachwi itawale peke yake: watunzi waliielemeza makusudi kwenye kumulusi, ili mbali kuwe daima na mawingu yenye mwili.

Uamuzi huo wa mwisho si wa hali ya hewa hata kidogo. Ni wa mchoraji. Nikiutazama namkumbuka Albert Bierstadt, mzaliwa wa Ujerumani aliyezichora nchi hizohizo za magharibi katika karne ya 19. Katika turubai yake ya 1866 ya dhoruba kwenye Milima ya Rocky, mawingu yanapandana juu ya bonde na nuru inapenya mahali palepale jicho linapohitaji kupumzika. Bierstadt hakuwa mtabiri wa hali ya hewa. Alipanga. Guerrilla nayo imepanga, ila imelazimika kupanga kwa kanuni, kwa sababu haijui mchezaji atasimama wapi wala atatazama saa ngapi. Kuutunga mpangilio ambao hautaharibika hata mtazamaji akihama ni kazi ngumu kuliko turubai moja, na humo ndimo ukubwa wa kazi hii ulimo.

Dosari

Zipo, nazo ni za umbo pia. Ya kwanza: anga hili lina sura lakini halina sababu. Mvua ni nambari kwenye ramani. Wingu halitoki baharini, halinyeshi likaisha, halikwami kwenye mteremko wa mlima na kuuacha upande wa pili ukame. Mchezaji akikaa saa nzima akitazama ataona mabadiliko mazuri, lakini hatapata kisa. Beti zimepangwa vizuri, simulizi haipo.

Ya pili: mpangilio wa upeo wa macho ni mzuri kupita kiasi. Mbali kuna mapambo karibu daima, na anga linalopendeza kila siku linaanza kupoteza uwezo wa kushangaza. Anga la kweli lina siku za kuchosha, na hizo ndizo zinazozipa thamani siku za dhoruba.

Ya tatu ni kubwa zaidi. Kwa kuwa wingu ni jibu la noizi, haiwezekani kulitunga wingu moja mahususi. Msanii anaweza kusema kumulusi ziwe nyingi mashariki. Hawezi kusema hapa pawe na wingu lenye pango ubavuni na mnara upande wa kushoto. Fani ya namna hii ina makundi, haina wahusika.

Guerrilla yenyewe iliugusa mpaka huo. Katika Burning Shores, nyongeza ya Horizon Forbidden West iliyotoka Aprili 2023 kwa PlayStation 5 pekee, Aloy hupanda mashine yenye mabawa na kuingia ndani ya mawingu. Mtazamaji wa ardhini hakuwepo tena, na arudhi iliyotungwa kwa ajili yake haikutosha. Mawingu yakajengwa kwa vokseli, chembe za ujazo zilizoundwa mapema na wasanii, zikiwa na mapango na minara yake, na noizi ikaachiwa kazi ya kingo. Mtazamo ulipobadilika, umbo lote lilibadilika nao. Sijui ushahidi ulio mzuri kuliko huo kwamba lile la 2017 lilikuwa limeshonwa kwa kipimo cha mtazamaji wake.

Linganisha na Microsoft Flight Simulator ya Agosti 2020, iliyoundwa na Asobo Studio ya Bordeaux, Ufaransa. Mawingu yake nayo yana mwili na ndege hupita ndani yake, ila mpangilio wake hutoka kwenye takwimu za Meteoblue, kampuni ya hali ya hewa ya Uswisi. Mahali palipofunikwa na kijivu leo, rubani wa mchezo ataletewa kijivu. Mawingu hayo yana kile ambacho Horizon imekikosa, sababu iliyo nje ya umbo. Yamekosa kile ambacho Horizon inacho, yaani mkono wa mtunzi anayekataa picha mbaya. Kazi moja imeahidi uaminifu kwa siku, nyingine imeahidi uaminifu kwa jicho, na si haki kuipima mojawapo kwa ahadi ya mwenzake.

Hukumu

Kwa ahadi yake yenyewe, anga la Horizon Zero Dawn limefaulu. Ni mandhari ya daraja la juu, iliyotungwa kwa tekscha tatu, nambari tatu za ramani na kanuni tatu za nuru, na karibu hakuna sehemu yake inayoweza kuondolewa bila jicho kuikosa. Halikufaulu kama elimu ya hewa, na halikuahidi kuwa hivyo. Vijana wa Kiswahili wanaojifunza michoro ya kompyuta wasianze kazi kwa kuuliza mashine yao ina nguvu kiasi gani. Waanze kwa maswali waliyoyajibu Schneider na Vos: nani anatazama, amesimama wapi, na jicho lake litatua wapi. Nguvu ya mashine itaongezeka kila mwaka; majibu ya maswali hayo hayauzwi dukani.